Vaa Kwanza, Mwanangu

Usiku ule nililala mapema, nikiwa na wasiwasi. Kesho yake ningeanza kusimamia wodi ya wagonjwa mahututi, nafasi aliyoiacha Sista Adela. Ndiye aliyenifundisha uuguzi. Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, alioupata akimsaidia daktari kumwekea mgonjwa mpira wa kupumulia kooni.

Ndotoni nikamkuta jikoni kwake anakaanga maandazi, kanga kiunoni, akicheka vilevile kwa kutikisa mabega. Hakushangaa kuniona. Alinipa andazi la moto, nikalipuliza, na nilipoinua macho jiko lilikuwa limegeuka wodi yetu. Kitandani amelala mama yangu mzazi. Anakoroma, midomo imeanza kuwa ya bluu.

Nakimbia. Sista Adela ananidaka mkono.

"Vaa kwanza, mwanangu."

"Sista, mama anakufa!"

"Namwona. Vaa."

Ananivalisha kama mtoto anayepelekwa kanisani. Gauni, ananifunga kamba mgongoni. Barakoa ile nene, anaibana puani kwa vidole vyake, vya joto, vinanukia iliki. Miwani. Glavu. Anawageukia waliojazana mlangoni, anawaambia wasio na kazi watoke, kisha anafungua madirisha.

"Pumua. Hewa inavuja pembeni?"

"Haivuji."

"Haya, nenda kwa mama."

Namwinamia, namwekea mpira wa kupumulia. Mpira unaingia, kifua cha mama kinapanda, kinashuka. Nageuka nimwonyeshe Sista, na hapo ndipo naona kwamba yeye uso wake uko wazi.

"Wewe mbona hujavaa?"

Akatabasamu. "Siku ile nilimwonea huruma mgonjwa, nikakimbia hivihivi. Sijutii kumkimbilia." Akaninyooshea kola ya gauni. "Ila nimewakumbuka sana, mwanangu. Sana."

Nikaamka. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, ananishika bega.

"Mbona unalia?"

"Nimemwona Sista Adela," nikamwambia. "Hajambo."

Asubuhi nilikuta wauguzi wamekusanyika wakisubiri neno la msimamizi mpya. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini haikutoka. Nikawaambia tu, "Hapa, kabla ya kugusa koo la mgonjwa, hata awe mama yako mzazi, unavaa kwanza. Sista Adela anasema hivyo."

Nilisema "anasema." Hakuna aliyenisahihisha.