Sista Maji na Maumivu ya Darasa la Sita

Sista alipoaga wodi ya majeruhi baada ya miaka kumi na saba ya uuguzi, wenzake walimwandalia chai na keki katika chumba cha zamu, na kila aliyesimama kusema alisema jambo lile lile kwa maneno yake: mwenzetu anakwenda kupumzika. Muuguzi wa shule ana kazi gani? Magoti yaliyochubuka, pua zinazotoka damu, meno ya utoto yanayong'oka wakati wa mapumziko. Mwenyewe hakubisha. Miguu yake ilikuwa imechoka kusimama saa kumi na mbili kwa siku, na mumewe, dereva wa lori aliyekuwa nyumbani siku mbili na barabarani siku tano, alishamwambia kwamba angependa, kabla hawajazeeka, wale chakula cha jioni wakitazamana.

Chumba alichopewa shuleni kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo mpaka wiki iliyotangulia. Mipira ilikuwa imehamishwa, harufu yake ikabaki. Palikuwa na kitanda chenye godoro la plastiki, beseni na jagi, kabati ambalo halikufungika mpaka ulipige teke chini upande wa kushoto, na mizani iliyoonyesha kilo mbili kabla mtu hajapanda. Kufika bomba la maji ilikuwa hatua arobaini na tatu kukatiza uwanja, alizihesabu. Mwalimu mkuu, mama mrefu aliyening'iniza funguo shingoni kama medali, alimkabidhi daftari la wagonjwa lenye ukurasa mmoja tu ulioandikwa, tena wa miaka mitatu nyuma. Akamwambia kwa upole kwamba watoto wa siku hizi ni wajanja, asiwape mwanya.

Mwanya hakuwapa. Wodi ilikuwa imemfundisha kupanga wagonjwa kwa kuwatupia jicho: huyu ahudumiwe sasa hivi, huyu anaweza kungoja, huyu arudi nyumbani. Kwa kipimo hicho, shule nzima ilikuwa ya kurudi nyumbani. Mtoto akija kulalamika tumbo au kichwa, alimpima joto, akamhesabia mapigo ya moyo, akamtazama ulimi, kisha akamwambia anywe maji bilauri nzima, akae dakika tano, arudi darasani. Wengi walipona kabla bilauri haijaisha. Ijumaa ya kwanza alimsikia mtoto nje ya dirisha akimwelekeza mwenzake: nenda kwa Sista Maji, pale penye mlango wa kijani. Hakukasirika. Hospitali aliwahi kuitwa majina mabaya zaidi, mengine na madaktari.

Wiki ya pili mvua zilianza, na darasa la sita nalo likaanza kuumwa. Jumatatu walikuja wawili, Jumanne wanne, wote kichwa na kichefuchefu, wote kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa na darasa hilo saa hizo, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Alikuwa mtu mwembamba, mfuko wa shati lake umejaa vipande vya chaki. Alimweleza Sista kwamba ugonjwa huo anaufahamu, na hata jina unalo: unaitwa sehemu. Yeye ameanza kufundisha sehemu Jumatatu, na wao wameanza kuumwa Jumatatu. Sista alicheka. Maelezo yalimwingia akilini, na kilichokwisha kuingia akilini hakitoki kirahisi.

Jumatano alikuja msichana mmoja peke yake, mdogo wa umbo, sare imelowa mabegani kwa mvua ya uwanjani. Shule nzima ilimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, lakini Sista alikuwa mgeni na hakulijua hilo. Aliyemwona mbele yake alikuwa mtoto mtulivu aliyesema kichwa kinamuuma na anasikia kizunguzungu, basi. Joto lilikuwa la kawaida. Moyo ulikwenda mbio kidogo, naye akasema moyoni kwamba mtoto amekimbia kuikwepa mvua. Akampa maji. Msichana alishika bilauri kwa mikono miwili, hakunywa.

"Mwanangu," Sista akamwambia, "sehemu hazijawahi kuua mtu. Rudi darasani."

Alirudi bila ubishi. Hazikupita dakika ishirini, mwalimu wa hesabu akaingia amembeba mikononi, kiatu kimoja hakipo, mkono wa shati lake umetapikiwa. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

Hapo mikono ya Sista ilifanya kazi iliyoizoea. Alimlaza mtoto ubavu, akamsafisha kinywa, akafungua dirisha na mlango, akatuma mtu kuita gari la shule. Kabla gari halijafika Kasuku alikuwa amefumbua macho na kuuliza kiatu chake kiko wapi. Sista alitazama rangi ikirudi midomoni mwake, na kitu kikaanza kumkereketa. Mtoto alikuwa hajanywa dawa wala maji. Alichopata ni hewa tu. Hata wale wa Jumatatu na Jumanne walipata nafuu wakiwa kwake, baada ya kukatiza uwanja kwa miguu yao. Maji yalikuwa yamepewa sifa isiyo yao.

Alimwambia mwalimu wa hesabu awatoe watoto wote darasani mara moja, awaweke ukumbini, na madirisha ya ukumbi yawe wazi hata kama mvua inaingia. Mwalimu akatoka mbio. Kisha Sista akapanda gari na mgonjwa wake. Hospitali walimwekea Kasuku oksijeni, na daktari alipotaja hewa ya mkaa, ile sumu isiyo na harufu, Sista aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuisoma.

Mama yake Kasuku alikuwa fundi wa kushona. Alifika na futi ya kupimia nguo bado shingoni, akaingia kumwona mwanawe, akatoka, akaketi kwenye benchi la ukumbi. Sista aliketi kando yake. Mtoto hakukumbuka vizuri asubuhi yake, na mwalimu hakujua kilichosemwa kwenye kile chumba cha mlango wa kijani. Daftarini palikuwa na mstari mmoja tu: saa tatu na dakika arobaini, maji, amerudi. Angeweza kunyamaza na dunia isingejua. Akapiga moyo konde.

"Mama, mwanao alikuja kwangu kabla hajaanguka. Nilimrudisha darasani."

Fundi alishika ncha ya futi yake na kuanza kuikunja polepole. "Alikwambia anaumwa?"

"Aliniambia."

"Na hukumwamini."

"Sikumwamini. Naomba unisamehe."

Mama alimaliza kuikunja futi, akaitia kwenye mkoba. Neno la msamaha hakulitoa, wala la matusi. Alisema kwamba mtoto yule hanyamazi hata akilala, na siku akisema neno moja kisha akanyamaza, Sista ajue kuna jambo. Kisha akainuka akarudi kwa mwanawe.

Alasiri Sista alirudi shuleni, akaenda nyuma ya darasa la sita. Palikuwa na ujia mwembamba ulioezekwa bati, na ndani yake majiko mawili makubwa ya mkaa, bado ya moto. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, kwa hiyo mpishi alikuwa amehamia huko tangu Jumatatu. Ukuta wa darasa ulikuwa na matundu ya hewa karibu na sakafu, na dawati lililokaa mbele ya matundu hayo, akaja kuambiwa, lilikuwa la Kasuku. Madirisha ya upande wa pili yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua.

Mpishi, mzee aliyejivunia kazi yake, aliona kama anasingiziwa. "Mkaa wangu ni mkavu, Sista. Hauna moshi hata kidogo."

"Ndiyo taabu yenyewe, mzee wangu. Moshi ungewafukuza."

Mzee aliyatazama majiko, akayatazama matundu, akavua kofia. Aliuliza mtoto anaendeleaje, akauliza tena mara ya pili kama hakusikia jibu la kwanza. Mwalimu mkuu alikuwa mgumu zaidi. Alitaka kujua chakula cha watoto mia tatu kitapikwa wapi mvua ikinyesha. Sista alimjibu kwamba hilo halijui, ila analojua ameliandika na kulitia sahihi, na nakala anayo. Kesho yake majiko yalikuwa uwanjani chini ya turubai, na matundu yalikuwa wazi bila kitu nyuma yake. Chakula kilichelewa saa nzima, na baadhi ya walimu walinuna wakimlaumu mgeni aliyeleta mambo.

Jioni mumewe alipopiga simu kutoka safarini, alimsimulia yote bila kupunguza. Mume aliuliza kama anataka kurudi hospitali. Akasema hapana, anataka kulala.

Wodini aliwajua watu wakiwa wagonjwa tu. Huku ilibidi awajue wakiwa wazima, maana bila hivyo asingejua wamepungukiwa na nini. Akaanza kusimama getini kila asubuhi wanapoingia: yupi hukimbia, yupi huburuta mguu, yupi hulia kwa jambo dogo na yupi halii kamwe. Wiki iliyofuata mwalimu wa hesabu alimletea karatasi ya mistari. Alikuwa ameandika watoto wote wa darasa la sita, na mbele ya kila mmoja maneno mawili matatu: msemaji, mwoga, anapenda kusifiwa, hula haraka. Hakuomba radhi na hakutaja sehemu. Aliiweka mezani akatoka.

Kasuku alirudi shuleni siku ya tano. Alipitia kwa Sista wakati wa mapumziko, akaketi kitandani bila kukaribishwa, akauliza kama hewa ya mkaa ina uzito, kama paka angezimia kabla yake, na nani alikipata kiatu. Kengele ililia akiwa katikati ya swali. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, akachelewa naye, akamwandikia kibali cha kuingia darasani.

Mwezi uliofuata muuguzi mkuu wa hospitali alimpigia simu. Chumba cha upasuaji kilihitaji mtu mzoefu, saa za kazi zingepangwa upya, na yeye angepewa nafasi ya kwanza. Sista alikuwa amebandika bango la herufi ukutani na kupanga darasa la kwanza kwenye mstari ili awapime macho. Alishukuru, akasema hataweza, kazi ameianza hajaimaliza. Muuguzi mkuu alicheka, akauliza ni kazi gani hiyo shuleni isiyoweza kuachwa. Akamwambia ni watoto themanini na wanne, na amefika wa tisa.