Maneno ya Kwenda Nayo Ng'ambo

Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa na karatasi moja tu, nasi wa mwaka wa sita wa sekondari tulikuwa wengi darasani, basi aliiandika ubaoni kidogo kidogo kwa wiki nzima. Yalikuwa maneno ya lazima kwa mwanafunzi anayekwenda kusoma ng'ambo. Inscription, kujiandikisha. Amphithéâtre, ukumbi mkubwa ambao viti vyake vinapanda ngazi. Restaurant universitaire, mahali wanafunzi wanapokula. Colocataire, yule unayekaa naye nyumba moja. Wakati huo mji wetu wa Kindu ulikuwa umezingirwa na vita pande zote, garimoshi lilikuwa halijafika kwa miezi, na nyumbani tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Mtu akisema anakwenda mji wa jirani tu, Kalima, tulimwona ana wazimu. Mimi niliyanakili maneno yote, nikayameza moja baada ya jingine.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Garimoshi halikuwepo lakini kila asubuhi alivaa yunifomu yake, akaenda stesheni, akakaa, akarudi. Jioni aliniuliza, "Leo wamekufundisha neno gani, mama?" Hivyo ndivyo wababa wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nilimwambia, naye akalirudia taratibu. Alilipenda résidence, bweni la wanafunzi, kuliko yote. "Yaani utakuwa na kitanda yako mwenyewe na ufunguo yako," alisema, na uso wake ulichangamka kana kwamba yeye ndiye atakayelala humo.

Niseme kuhusu karatasi zake, maana bila hizo hamtamwelewa. Tulipokimbilia porini mara ya kwanza, alizitia katika kopo la maziwa, akalifukia nyuma ya jiko. Vyeti vyake vya reli, cheti cha ndoa, barua ya kupandishwa cheo, vyote. Tuliporudi, mchwa walikuwa wameingia kwa upande ulioliwa na kutu. Alichuja ule udongo kwa vidole siku nzima, akapata kipande chenye nusu ya saini ya mtu. Tangu siku ile hakuweza kumthibitishia yeyote kwamba alikuwa amefanya kazi maisha yake yote.

Nilifaulu mtihani wa serikali. Vita vilipolegea, ndege zikaanza kutua tena, na wamisionari waliokuwa wakijuana na chuo kimoja cha Ulaya wakaniambia nimepata nafasi ya kusomea uuguzi, na ufadhili juu. Nilitakiwa kupeleka diplome yangu, cheti cha mtihani ule, ikiwa imelegalizwa, yaani ina muhuri wa serikali juu yake, kabla ya mwisho wa mwezi. Neno hilo, kulegaliza, halikuwa katika karatasi ya mwalimu. Nilijua kuomba chumvi katika mkahawa wa wanafunzi, lakini hilo sikulijua.

Diplome yenyewe ilifika kutoka Kinshasa kwa ndege ya mizigo, wiki mbili kabla ya siku ya mwisho. Baba ndiye aliyekwenda kuichukua. Alichelewa kurudi, nami nikaanza kuhangaika. Hatimaye nikamwona anakuja, ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, inang'aa. Alikuwa amepitia sokoni, mtaa wa Kasuku, kwa yule fundi aliyekuwa akibandika karatasi ndani ya plastiki kwa pasi ya makaa. Kila mtu mjini alipeleka kwake kadi ya kura, cheti cha ubatizo, picha ya marehemu. Ndivyo tulivyotunza karatasi zetu: mwenye karatasi ya maana aliipigisha plastiki.

"Njoo uone, mama," alisema. "Hii sasa, maji haiiwezi. Muchwa haiiwezi. Utaifikisha kule muzima."

Nilimbusu mkono. Nilifurahi, sitadanganya. Tuliiegemeza ukutani, tukala tukiitazama.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwenye ofisi ya serikali, ipigwe muhuri. Karani alikuwa mtu mpole, na hilo lilizidisha uchungu baadaye, maana sikuwa na wa kumchukia. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaipitishia kidole.

"Papa, muhuri nitaipiga wapi?"

"Hapo juu," baba alisema.

"Hapo juu ni plastiki. Wino haishiki. Na hata ikishika, kule hawataikubali. Wanataka muhuri juu ya karatasi yenyewe."

"Sasa tufanye nini?"

"Muombe duplikata, diplome ya pili. Inatoka Kinshasa." Alinitazama kwa huruma. "Itachukua muda, mama."

Tulirudi nyumbani moja kwa moja. Baba alichemsha maji, akaishika diplome juu ya mvuke, akachukua wembe mpya. Mikono yake ilikuwa imezoea vyuma, lakini siku ile alifanya kazi kwa utulivu ambao sijauona tena kwa mtu yeyote. Pembe ya kwanza ilikubali. Kisha plastiki ikaanza kuondoka na wino. Jina langu likaondoka, nusu ya picha ikaondoka, saini ya waziri ikabaki imening'inia kwenye plastiki, inasomeka kinyume. Hakuacha. Aliendelea kubandua mpaka mwisho, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini akiacha.

Ndipo nikasema. Nilisema wazi, mbele ya majirani waliokuwa uani, "Mchwa walikula za kwako, wewe umekula ya kwangu." Baba aliuweka wembe chini, akaosha mikono, akaenda stesheni ingawa ilikuwa alasiri na hapakuwa na lolote la kwenda kufanya.

Mwezi ukaisha. Nafasi ikapewa mwingine. Kwa miaka baba aliulizia duplikata, na kila mara aliambiwa bado. Mimi niliacha kuuliza mapema kuliko yeye. Sikuwahi kumwomba msamaha. Mwanzoni sikutaka, baadaye nikaona aibu, na siku zikajipanga juu ya siku mpaka ikawa vigumu hata kujua pa kuanzia. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpeleka hospitali. Hilo moja sikulifanya.

Sasa nafundisha Kifaransa papa hapa. Vijana wanaotaka kwenda ng'ambo huja uani kwetu Jumamosi asubuhi, pikipiki zinawashusha mlangoni, na wengine wanatoka mbali, kama kijiji cha Tunda. Nawafundisha maneno yale yale na mengine niliyoyaongeza. Nayajua vizuri kupita kiasi. Najua jinsi mtu anavyopanga foleni na sinia, jinsi anavyomwambia jirani wa chumba apunguze redio. Siku zote nimewaacha waamini wanachoamini. Sijawahi kusema nilikwenda. Sijawahi kusema sikwenda.

Jumamosi iliyopita msichana mmoja, mwenye akili sana na asiyejua kunyamaza, aliniuliza, "Madame, wewe ulisoma kule muji gani?"

Baba alikuwa amekaa karibu na mlango. Ni mzee sasa, hasikii vizuri, na nilidhani amelala. Akafumbua macho.

"Hakuenda," aliwaambia. "Alikuwa na nafasi yake. Mimi njo nilimukatalia. Nilikuwa baba mubaya."

Hakunikatalia kamwe. Hakuna mtu chini ya jua aliyetaka niende kuliko yeye. Vijana wote wakanigeukia, wakisubiri, naye pia akanitazama, kwa macho ambayo hayakuwa yakiomba kitu. Ilikuwa sentensi moja tu niliyopaswa kuisema, na niliijua kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Niliwaambia wafungue ukurasa unaofuata.