Mama Asha aliomba page moja ya samaki, mimi nikamjengea mfumo mzima

Wakuu, muko salama huko muliko?

Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Goma, na sitajipamba. Mukitaka kunicheka, chekeni, nilistahili.

Mimi ni developer. Natengenezea watu site na app ndogondogo. Kazi naipenda. Ugonjwa wangu ni podcast.

Nikiosha vyombo, podcast. Nikiwa nyuma ya pikipiki, podcast. Kuna jamaa wawili ninaowasikiliza, kila wiki wanatangaza kwamba tool fulani ya kuandikia code imekufa. Nami napokea kama tangazo la msiba: nafuta kazi yangu, naanza upya na tool mpya.

Wiki moja walisifu kikao cha asubuhi, kile ambacho watu wa ofisi wanasimama na kila mmoja anasema kinachomkwamisha. Nikakileta nyumbani. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa anasonga bugali kwenye mbabula, jiko letu la makaa.

"Leo nini inakukwamisha?" nikamuuliza, nimesimama na kalamu.

"Wewe. Toka mbele ya mbabula."

Kikao kikafungwa hapo.

Sasa kisa chenyewe.

Mama Asha anauza samaki mbichi sokoni. Zinatoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, na gari inayozileta haina saa. Inaweza kufika asubuhi, inaweza kufika kesho yake. Kwa hiyo wateja wote, wenye restaurant na mama wa nyumbani, wanampigia kutwa nzima kuuliza.

Akaniita. "Papa Neema, hii simu inanimaliza. Nashika samaki, inalia. Naswali, inalia. Miye nataka kitu moja tu: mutu afungue simu yake, aone kama samaki imefika ao haiyafika. Basi."

Nikaandika kwenye daftari: "Anahitaji platform."

Wakuu, ile kazi ilikuwa ya asubuhi moja. Mimi nilichukua miezi miwili.

Niliweka login. Niliweka dashboard yenye grafu. Niliweka dark mode, kwa samaki! Katikati jamaa wa podcast wakatangaza msiba mwingine, nikaandika yote upya. Mwishoni nikaongeza samaki wa bluu anayeogelea kwenye kioo wakati page inafunguka. Huyo nilimpenda kama mtoto wangu.

Mama Asha alikuwa akiuliza, namjibu, "Iko karibu, Mama." Aliniamini. Akawaambia wateja wote: kuanzia Ijumaa, musinipigie tena, mutaangalia kwa simu.

Ijumaa gari ikafika mapema, imejaa. Nikavaa shati nyeupe, nikaenda sokoni kushuhudia ushindi wangu.

Saa ya kwanza, hakuna mteja. Saa ya pili, hakuna. Barafu inayeyuka, maji yanatiririka chini ya meza.

Kwenye laptop yangu ile page ilifunguka vizuri sana. Nilikuwa sijawahi kuijaribu kwenye simu ya bei ndogo yenye koneksio ya internet ya hapa kwetu. Kwenye simu za wateja wengi samaki wa bluu alikuwa anaogelea tu. Haendi popote, hafiki.

Aliyetokea kwanza ni Mama Jeanne mwenye restaurant. Kwake page ilikuwa imefunguka hatimaye, lakini alikuja kwa miguu, amekasirika, simu mkononi.

"Ni nani alitengeneza hii kitu? Naandika mot de passe, ile neno ya siri, 'samaki'. Inaniambia eti ni dhaifu! Inanijua wapi? Inataka herufi kubwa, inataka chiffre, namba, inataka na alama. Halafu inataka email. Miye nataka tilapia!"

Nikatazama viatu vyangu.

Mchana nusu ya samaki zilikuwa bado mezani. Mama Asha hakupiga kelele. Alivuta beseni, akafungua mfuko wa chumvi, akaanza kuzipasua ili azikaushe, asipoteze zote. Nikavua saa, nikakaa karibu naye, nikaanza kupara magamba. Lile shati mpaka leo Mama Neema ameshindwa kulitakatisha.

Tulijaza beseni nusu. Kisha akasema taratibu:

"Papa Neema, nilikuomba nini?"

"Mutu ajue kama samaki imefika."

"Na leo nani alijua?"

Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Kesho yake nilifuta kila kitu. Dashboard, login, na yule samaki wa bluu, kwa uchungu. Nikaandika page moja nyeupe yenye neno moja kubwa: IMEFIKA, ao HAIYAFIKA. Mama Asha anabonyeza mahali pamoja, neno linabadilika. Inafunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo.

Ijumaa iliyofuata samaki ziliisha kabla ya adhuhuri. Nilikuwa pale, nimevaa shati ya zamani. Mama Asha akaniita pembeni, nikajua sasa anataka grafu.

"Kuna neno ya tatu nataka," akasema. "Andika IMEISHA. Wanaendelea kuja, na miye nataka kwenda kulala."

Wakuu, nimejifunza hivi: kabla ya kuchagua tool, msikilize mtu mpaka amalize sentensi yake. Na ukishamaliza, ijaribu kwenye simu yake, siyo yako.

Developers wenzangu, semeni ukweli hapa chini: mteja aliomba nini, na wewe ulimpa nini?