Dada Aliyenitaipia Mradi

Chuo kikuu kilifungwa nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi ya kompyuta. Wanafunzi waligoma, askari wakaingia, na kufikia jioni tulikuwa tumefukuzwa mabwenini. Hakuna aliyetuambia tungerudi lini. Nilifika Homa Bay na mkoba wa nguo na karatasi za mradi wangu, nikaunganisha gari lingine hadi Sindo, nyumbani kwa baba.

Nilimkuta dada yangu ameketi mlangoni akichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Nilishtuka, kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi, naye alikuwa taipisti katika ofisi moja ya serikali mjini Homa Bay. Nilipomsalimu aliinua uso, lakini macho yake yakatua pembeni ya pale niliposimama.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Sogea basi nikushike."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Presha ya macho ilikuwa imeula uoni wake polepole, ikianzia pembeni kuja katikati, naye akidhani ni uchovu wa kusoma miandiko mibaya ya wakubwa. Alipomfikia daktari wa macho, aliambiwa kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kikaisha baada ya miezi michache. Hawakuniarifu. Baba alisema dada mwenyewe ndiye aliyekataza, hadi nimalize mitihani.

Dada alinizidi miaka mingi. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenivusha utotoni, akinifulia sare na kunifundisha kusoma, na baadaye ndiye aliyesema nijaze kompyuta kwenye fomu ya chuo, ingawa hakuna aliyekuwa ameiona mashine hiyo nyumbani kwetu.

Mkubwa wake ofisini alikuwa amejaribu kumbakiza. Vidole vyake havikuwa vimesahau kitu, kwa kuwa tangu zamani alitaipu bila kuangalia herufi. Shida ilikuwa karatasi. Taipisti hunakili yaliyoandikwa, na hapakuwa na mtu wa kukaa kando yake kutwa akimsomea. Walipomuaga walimpa taipureta kuukuu iliyokuwa stoo. Nyumbani ilikaa juu ya kabati, imefunikwa leso, na hakuna aliyeitaja.

Wiki zikapita, kisha miezi. Wenzangu wa mjini labda walikuwa na mahali pa kwenda kugusa kompyuta. Mimi nilikuwa na kalamu. Mradi wangu ulikuwa programu ya kufuatilia dawa katika stoo ya hospitali, nami niliiandika yote kwa mkono, mstari kwa mstari, nikiipima kichwani kwa kuwa sikuwa na mashine ya kunionyesha kosa. Nikikosea nilichana ukurasa na kuanza upya.

"Unachana nini kila siku?" dada aliniuliza asubuhi moja.

"Programu. Nitatakiwa niipeleke ikiwa imetaipwa, na ripoti yake."

Akageuza uso kunielekea. "Nani atakutaipia?"

Kusema kweli, sikuwa nimethubutu kumwomba.

"Weka hiyo taipureta mezani," akasema. "Uketi hapa, unisomee."

Baba alizima redio tulipoanza. Alisimama mlangoni akitazama vidole vya binti yake vikitafuta zile herufi mbili ambazo taipisti huanza kwa kuwekea vidole, vikazipata, vikatulia. Kisha akatoka nje. Nilimwona kupitia dirisha akiwa amesimama tu karibu na zizi, bila kufanya lolote.

Nilimsomea, naye akataipu. Maneno ya ripoti hayakumsumbua. Ni programu yenyewe iliyomchekesha, na ile nukta-mkato inayofunga karibu kila mstari.

"Semikoloni tena?"

"Tena."

"Hii mashine yenu inapenda semikoloni kuliko watu wanavyopenda chumvi. Ukiisahau inafanya nini?"

"Inakataa kazi yote."

"Yote? Kwa kitu kidogo hivyo?" Akatikisa kichwa. "Basi ni kama mkubwa wangu."

Tulicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nirudi. Tukaendelea hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Aliamka mapema, akaoga, akavaa blauzi za ofisini na viatu vyake vya kazi, akaketi mezani kuningoja. Niliposoma vibaya na kumharibia ukurasa, aliuchomoa bila kunung'unika na kuweka mwingine.

Tulikuwa kwenye kurasa za mwisho wakati baba, aliyekuwa akisikiliza taarifa ya saa saba jikoni, alipokuja akikimbia na redio mkononi. Chuo kilikuwa kinafunguliwa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waripoti Jumatatu.

Niliruka kwa furaha. Nilimkumbatia baba, nikageuka kumkumbatia dada, na hapo nikaona mikono yake ingali juu ya taipureta, imetulia.

"Wamesema lini?"

"Jumatatu."

"Basi tumalize ukurasa huu," akasema.

Programu ilifanya kazi. Si siku ya kwanza, wala ya pili. Niliiingiza kwenye kompyuta za maabara nikapata makosa hadi nikataka kulia, yote yakiwa yangu. Mhadhiri alipopokea ripoti aliuliza kwa nini mimi nimetumia taipureta wakati wenzangu wamechapisha kwa printa. Nikamwambia dada yangu ndiye aliyenitaipia.

"Ni taipisti mzuri sana," akasema. "Anafanya kazi wapi?"

Nikasema yuko nyumbani.

Likizo iliyofuata, mchungaji wetu wa Sabato alinivuta kando baada ya ibada. Dada alikuwa ameanza kuwataipia watu waliokuja kumsimulia maneno yao, naye mchungaji akamsimulia hotuba nzima ya mazishi. Kurasa alizopewa zilikuwa tupu. Utepe wa wino ulikuwa umekauka.

"Sikuwa na moyo wa kumwambia," akasema. "Nilimshukuru, nikahubiri kwa kumbukumbu."

Njia yote hadi nyumbani nilijiuliza kama nimwambie. Nilimwambia. Vidole vyake vikapapasa kingo za meza.

"Kwa nini hakusema?"

"Alikuonea huruma."

"Huruma ya nini? Utepe ndio umekauka, si mimi." Akaisukuma taipureta kando. "Ni wangapi wengine nimewapa karatasi tupu wakaniambia asante?"

Hakuna aliyejua. Alilia siku hiyo, mbele ya baba na mbele yangu, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata mama alipozikwa. Baada ya hapo hakutaka tena kuwataipia watu.

Baba ndiye aliyesikia kuhusu chuo cha wasioona kinachofundisha kazi ya simu. Dada alikataa, kisha akakubali, kisha akaenda. Nilipohitimu shahada yangu alikuwa tayari ameajiriwa kupokea simu katika hospitali moja mjini Migori. Niliwahi kumtembelea kabla sijaanza kazi. Alikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja, na madaktari waliopita mlangoni aliwaita kila mmoja kwa jina, akimtambua kwa mwendo wake. Hakuna aliyemsaidia chochote, wala hakutaka.

Tulikula pamoja humo mchana, ugali na samaki, nikimwondolea miiba kisirisiri hadi akausukuma mkono wangu.

"Unajua," akasema, "uso wako nilionao ni ule wa siku ulipoondoka kwenda mwaka wa tatu. Nywele fupi, na kile kikoti cha bluu."

"Kikoti nilikitupa, dada."

"Kwangu ungali umekivaa."

Nilitaka kumwambia nimenenepa kidogo, kwamba sasa ninavaa miwani, lakini simu ililia. Akanawa mikono, akaipokea.