Yowe la Seli

Mwalimu wetu wa baiolojia hapa Kamuli hachoki kuchora, na kila akimaliza hubandika kipande cha chaki nyuma ya sikio. Juzi sauti yake ilikuwa imekauka kwa mafua, lakini alisimama akachora seli kama nyumba katikati ya migomba.

"Kirusi cha mafua kikiingia, seli hutoa protini, ndiyo yowe lake. Seli jirani zikisikia, hufunga milango kwa protini zao. Hakuna aliyezifundisha, kinga hii tumezaliwa nayo."

Nabasa, mtoto wa wafugaji, akiwa ameinamia daftari, akauliza kama nyumba iliyopiga yowe hupona. Mwalimu akaitazama, akaifuta taratibu kwa kiganja.

"Mara nyingi haiponi," akanong'ona. "Lakini kijiji hubaki. Nyoosha mgongo, Nabasa. Kijiji chenyewe ni wewe."