Mpini Niliouchoma Mukurweini

Usiniambie nilikuwa nimelala. Ilikuwa jioni, saa ya kukama ng'ombe, na akili zangu zilikuwa timamu. Nilichokiona nilikiona, na alama iko mkononi; ukitaka nitakuonyesha.

Ninaishi Mukurweini na mume wangu, Muriithi, katika shamba aliloachiwa na babu yake, yule tuliyemwita Guka. Msimu wa baridi tulibomoa jiko la zamani la Guka, lile la mbao, ili tupate nafasi ya zizi jipya. Juu ya boriti, ndani ya masizi, tukapata shoka. Kichwa kilikuwa kimeliwa na kutu. Mpini ulikuwa mweusi, uking'aa kwa jasho la mikono ya mtu, na ulikuwa umepasuka karibu na shingo. Muriithi alitaka kuliuza kwa watu wa vyuma chakavu. Nikakataa. Chuma kama kile utakipata wapi siku hizi?

Nikaung'oa mpini, nikausukuma motoni chini ya sufuria ya githeri. Niamini, ule mti ulilia. Si mlio wa kuni mbichi. Ulitoa sauti nyembamba, ya kuudhi, na moshi wake ukanuka kama nywele zinazoungua. Mimi nilifungua dirisha tu, basi.

Kichwa nikakiloweka kwenye siki, nikakisugua kwa brashi ya waya, nikapiga tupa, nikamalizia na jiwe hadi makali yakaweza kunyoa. Nikachonga mpini mpya wa mutamaiyo, mti mgumu wa huku kwetu, nikaulainisha kwa kipande cha chupa, nikapigilia kabari. Lilipendeza! Nikatoka nalo nje kulijaribu kwenye gogo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na Muriithi alikuwa ndani ya zizi akikama.

Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama kando ya kuni zangu. Koti refu, kofia imevutwa usoni. Nikadhani anatafuta kibarua.

"Hiyo shoka umetengeneza vizuri," akasema. Hakunisalimia.

"Asante, mzee. Ilikuwa ya Guka wa hapa."

"Ati ya nani?" Akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha hata kidogo. "Mpini yangu iko wapi?"

"Ilikuwa imepasuka. Nilichoma."

Kisha akapandisha mkono wa koti. Ungefanya nini wewe? Mkono ule ulikuwa mkaa. Mkaa mtupu, kuanzia vidole hadi kiwiko, na upepo ulipopita, nyufa zake ziliwaka nyekundu. Nikasikia ile harufu ya nywele.

"Sasa mimi nitashika wapi?" akauliza. Akasogea. "Nitashika hapa."

Akanikamata mkono ulioshika shoka. Nilipiga mayowe. Muriithi akatoka mbio na ndoo ya maziwa, akiniita jina. Mzee hakuwepo tena. Lakini ule mshiko ulikuwepo! Nikauona mkono wangu ukipanda juu na shoka, mimi sijauinua. Nikauona ukimwendea mume wangu.

"Toka hapo!" nikamlilia. "Muriithi, toka!"

Aliinama. Shoka likazama kwenye nguzo ya zizi, pale kichwa chake kilipokuwa. Maziwa yakamwagika yote. Hapo ndipo vidole vyangu vilipofunguka.

Kesho yake tulimwendea Shosho, dadake Guka, bibi mwenye miaka mingi sana. Alitazama alama ya vidole iliyoungua kwenye ngozi yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Kuna mtu aligombana na ndugu yangu juu ya mpaka wa shamba. Aliingia kwa hiyo jiko akiwa na shoka yake. Hakuna mtu aliona akitoka."

Muriithi hakutaka kusikia zaidi. Nilimwomba tuchimbe pale jiko lilipokuwa. Alikataa, akaniambia nisimtaje tena Guka kwa ubaya. Shoka tulilifukia palepale, pamoja na mpini wake mpya. Zizi jipya halikujengwa.

Hospitalini Nyeri walisema nimeungua, wakanipa dawa ya kupaka. Kidonda kilipona. Mkono haukupona. Nikishika kisu, hata cha kukata sukuma wiki, kiganja kinaanza kupata joto, polepole, kama mtu anayepuliza mkaa. Nikikiweka chini, joto linatulia.

Kwa hivyo, wewe unayependa vitu vya zamani, ukiokota shoka, jembe au panga, uliza kwanza nani alilishika na aliliacha vipi. Ukikosa wa kukujibu, liache palepale. Sisi bado tunaishi pamoja, Muriithi na mimi, na ananipenda, najua. Lakini kila jioni, kabla hajaingia jikoni, husimama mlangoni akaniuliza kama kisu kiko chini.