Mashini Mbili za Foni, Mpala na Zongwe

Nilitoka Kalemie kwa sababu shefu wa biro, ofisi yetu, alikosa muntu mwingine wa kutuma. Mimi safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye chai. Muke wangu alicheka sana aliponiona ninafunga muto pamoja na nyaya za anteni.

Nilibeba mashini mbili za foni, redio za kusemezana kwa mbali, na uamuzi wa mahali pa kuzifunga ulikuwa wangu. Ao nifunge zote mbili kwenye dispanseri, zahanati ya kijiji cha Mpala, moja iseme, nyingine isikie, watu waongee pamoja kama kwenye telefone. Ao Mpala ipate moja na kijiji cha pili, Zongwe, moja, wote kwenye njia moja na Kalemie, kila muntu kwa zamu.

Ziwani, mji ulikuwa bado unaonekana nami nimeshatapika. "Teknisien," mwenye boti alisema, "samaki wameshiba, wabakishie wengine!"

Mpala nilipokewa na Papa Kisimba, mukubwa wa komite ya dispanseri. "Zote mbili njo zetu," alisema. "Mukubwa hangoji zamu."

Mama Feza, muzalishaji wa Zongwe, alikuwa amekuja na mutumbwi kunivizia. "Papa, mama akishindwa kuzaa kule kwetu, boti ya Kalemie nitaiita na kinywa?"

Mimi nilikuwa tayari upande wake. Nikafunga moja, tujaribu. Papa akaminya kifungo, akasalimia watu wa Kalemie, wake zao, watoto, hata mbuzi, kisha akangoja jibu bila kuachia kidole. Kimya.

"Unaona? Njia moja haifai!"

Nilieleza kwamba kifungo kikiminywa mashini haisikii. Nilieleza kwa maneno ya shuleni. Mimi mwenyewe nilichoka kujisikiliza.

"Papa," Mama Feza akauliza, "kwenye rozari unaongoza nusu, halafu?"

"Ninanyamaza, watu wanajibu."

"Basi njo vile. Nyamaza, achia kidole."

Akaachia. "Mbuzi wote wazima, Papa!" sauti ya Kalemie ikajibu.

Papa alicheka mpaka machozi. "Haya, mama, beba yako. Lakini kuongoza njo kazi yangu."

Zongwe tulitundika anteni kwenye michikichi miwili. Mama Feza aliminya, akauliza kama boti iko, akaachia. Kalemie ikajibu: iko. Wanawake mlangoni wakapiga vigelegele.

Niliporudi biro, shefu aliuliza kwa nini niliacha mtindo mzuri wa kuongea pamoja. Nilimujibu: ni mzuri kweli, kwa kijiji kimoja. Hapo nilijifunza kwamba kabla ya kuchagua njia ya maneno, uliza kwanza nani atabaki bubu.

Juma lililofuata foni iliita: "Kalemie, hapa Zongwe. Mama amelemewa, leteni boti." Nilikimbia mpaka bandarini, nikaisukuma boti mwenyewe hadi maji ya magoti. Kuipanda, hapana.